Misikiti Isiyoadhiniwa: Matembezi ya Siku Moja Nje ya Mombasa

Imekuwa ada ya watu wa mji wetu wa Mombasa, zifungwapo skuli na vyuo, au siku ya pili ya Idi, kuwatoa watoto nje wakapate upepo. Jambo hili ni jema wala hatulikatazi. Mtoto aliyekaa mwaka mzima baina ya kuta za vichochoro ana haki ya kupelekwa mahali akakimbia mpaka achoke. Lakini tukiuliza watu hawa huenda wapi, jawabu ni lile lile kila mwaka: wengine huenda Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga na kunywa madafu, na wengine huenda ufuo wa Bamburi, ambako siku ya Idi hata pa kutia unyayo hapana. Jua likitua hurudi wamechoka, mchanga umejaa garini, na mtoto ukimuuliza ameona nini atakwambia ameona bahari, ambayo huiona kila asubuhi akienda chuoni.

Sisi kazi yetu ni kusomesha watoto Qur'ani, na kwa miaka mingi tumekuwa tukiwatoa wanafunzi wetu pamoja na wazazi wao mara mbili tatu kila mwaka, kwa gari la kukodi. Huondoka baada ya swala ya alfajiri tukarudi kabla ya isha. Wazazi wengi wametuuliza twaenda wapi, na wako waliotulaumu kwamba twawapeleka watoto kutazama mawe. Basi haya tuyaandikayo ni jawabu kwa hawa na wale.

Pwani yetu, kaskazini na kusini ya Mombasa, imejaa miji ya Waislamu iliyohamwa. Majumba yake yameanguka, visima vimekauka, na mibuyu imeota ndani ya vyumba vya kulala. Watu huiita magofu, na kwa nyumba jina hilo lafaa. Lakini katika miji hiyo mna misikiti pia, na hapo ndipo tutakapo msomaji asimame pamoja nasi kidogo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu katika pwani hii, msikiti ulioanguka hautoki katika wakfu wake. Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj ameeleza kuwa msikiti ukibomoka na isiwezekane kuujenga tena, hauuzwi kwa hali yoyote. Basi ikiwa hauuzwi hata ukiwa kifusi, ni kwa kuwa ungali msikiti. Paa likianguka, na mlango ukiliwa na mchwa, na mwadhini akafa na wajukuu wake wakafa, pale mahali pangali ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, na aingiaye apaingie kama aingiavyo msikitini.

Tumeyaeleza haya kwa sababu tumeona kwa macho yetu mambo ya kusikitisha. Tumewakuta vijana wa mji wetu, watoto wa Kiislamu wenye majina ya Masahaba, wamekaa juu ya ukuta wa kibla wakila na kutupa mifupa ndani ya mihrabu. Tulipowaambia, walishangaa. Hawakuwa na ubaya. Hakuna aliyepata kuwaambia kuwa pale ni msikiti. Na mgeni wa Kizungu aliyekuwa karibu nao alikuwa amevua kofia yake.

Atajuaje mtu kuwa msikiti ni upi katika kuta nyingi? Na atazame kaskazini. Makka kwa mtu aliyeko Mombasa iko kaskazini moja kwa moja, haikuelekea kulia wala kushoto ila kidogo mno. Basi jengo lenye kibweta cha mihrabu katika ukuta wake wa kaskazini ndilo msikiti. Hili huwafundisha watoto wetu siku ya kwanza, kisha huwaachia watafute wenyewe, na anayeupata mwanzo hupewa kachri ya ziada. Hapana mchezo waupendao kuliko huu.

Tuanze na upande wa kaskazini, maana ndio wenye mengi. Mtu avukapo daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa lile la kuelea la mwaka 1931, baada ya mwendo mfupi hufika Bamburi, penye kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Huko mna bustani ya wanyama ambayo watoto wote waijua kwa ajili ya twiga na makobe. Wachache wajua kwamba ardhi ile ilikuwa mashimo matupu ya kuchimbwa mawe, haioti kitu, mpaka mwaka 1971 Bwana René Haller alipoanza kupanda miti, na uliokubali vizuri ni mvinje. Majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza, hata wakaletwa majongoo wale wakubwa wenye miguu myekundu, wakayala na kuyageuza udongo. Tangu tuliposikia khabari hii hatujamwacha mwanafunzi yeyote amkanyage jongoo. Kwa mtoto mdogo asiyeweza safari ndefu bustani hii yatosha.

Kupita Mtwapa, baada ya msongamano wa magari ambao hauna budi, mtu hukunja kulia kuelekea baharini akafika Jumba la Mtwana. Kama mzazi ana siku moja tu katika mwaka mzima, basi sisi twamwambia aende hapa. Si mbali: ni kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, kwa hiyo swala haipunguzwi. Mahali penyewe pana kivuli kingi, miti mikubwa na upepo wa bahari, na wageni si wengi.

Jina lake la zamani halikuhifadhiwa na yeyote. Jina hili la sasa wamelitoa watu wa majirani baada ya mji kuhamwa zamani, na mtwana, kama msomaji ajuavyo, ni mtumwa mwanamume. Ulikuwa mji wa karne ya 14 na ya 15, na baada ya hapo haukukaliwa tena. Hapana kitabu kilichoutaja. Bwana James Kirkman, aliyechimba mahali pengi katika pwani yetu, aliuchimba na kuusafisha mwaka 1972, na leo uko chini ya Makumbusho ya Taifa. Nyumba zimepewa majina kwa yale yaliyoonekana: iko Nyumba ya Milango Mingi, ambayo wataalamu wadhani ilikuwa ya kupangisha wasafiri, na nyingine. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama kuta za nyumba zetu za Mji wa Kale, na mtoto wa Kibokoni akiingia ajua mara moja penye daka na penye choo. Mmoja alituambia, "Mwalimu, hapa ni kwa bibi."

Msikiti ulio kando ya bahari ndio uliotufanya tuandike makala haya. Una birika la maji ya udhu, na yamewekwa mawe ya matumbawe yenye kukwaruza, ili mtu asugue nyayo zake baada ya kuosha. Wanafunzi wetu walivua viatu, wakasugua miguu yao juu ya mawe yale yale, wakacheka. Kisha wakanyamaza wenyewe bila ya kuambiwa. Nadhani walifahamu kwamba nyayo zilizoyalainisha mawe yale zilikuwa za watu.

Na katika msikiti huo kuna alama za chumba kilichotengwa, ambacho wachimbaji wamekifasiri kuwa ni mahali pa wanawake kuswalia. Tulipolieleza hili, mama mmoja tuliyefuatana naye, mtu mzima aliyehifadhi juzuu nyingi, aliuliza kwa sauti ya chini, "Walikuwa wakiswali humu, na wao?" Tukamwambia ndivyo wasemavyo waliochimba. Akaenda akasimama pale. Mama huyu mtaani kwake msikiti hauna pa yeye kusimama, na akipitiwa na swala njiani huswali nyuma ya duka la mtu. Tumesikia mara nyingi hoja kwamba mwanamke kuwa na mahali msikitini ni jambo jipya lililoletwa juzi na vijana waliosoma nje. Hatutaki kufungua hapa mlango wa mabishano. Twasema tu kwamba anayedhani ni jambo jipya, nauli ya Mtwapa si kubwa.

Karibu na msikiti pana kaburi lililoandikwa kwa Kiarabu. Maandishi ni aya ya 185 ya Sura Aal Imran, ile ya mauti na malipo ya Siku ya Kiyama. Hewa ya bahari imezila herufi, na mtu mzima akisimama mbele yake huona mikwaruzo. Kijana wetu mmoja wa miaka kumi na moja, aliyekuwa ameipita sura hiyo mwaka ule, alilipata neno moja, kisha la pili, kisha akaisoma aya yote kwa moyo huku kidole chake chafuata jiwe. Mlinzi wa mahali pale, mtu mwema, alikuja kusikiliza. Akatuambia kwamba huja wageni kutoka nchi za mbali na vitabu na kamera, nao humuuliza yeye jiwe lasemaje. Wazazi wanaosema twawaonyesha watoto mawe, na watie jambo hili katika mizani. Mtoto wa chuo ni mtu pekee katika kundi zima la watazamaji ambaye jiwe lile liliandikwa kwa ajili yake.

Tulimuomba mlinzi ruhusa, akatukubalia, tukaswali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti. Twawashauri wote wafanye hivyo, na waombe ruhusa kwanza, kwani wale wanaopatunza ni watu wenye amana, na lau si kazi ya Makumbusho kuta hizi zingekwisha kuwa msingi wa nyumba ya mtu. Miji mingine iliyohamwa isiyokuwa na ua wala mlinzi, ardhi yake yamegwa kila mwaka. Pwani ni ghali, na msikiti usioadhiniwa hauna wa kuupigia kelele. Kina mama walio katika udhuru wa kisharia waelezwe mapema mipaka ya msikiti, wapate kukaa chini ya miti wakatayarisha chakula, wala isiwe jambo la kuulizana hadharani. Kuhusu viatu, kuvivua ni adabu, na penye miba hatumlazimishi mtoto.

Baada ya Jumba njia yaendelea kaskazini. Takaungu iko kulia, mji mdogo ulio hai, waliohamia Mazrui baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837; mwenye jamaa huko ateremke awasalimu. Mbele yake ni Mnarani, juu ya jabali la upande wa kusini wa mlango wa bahari wa Kilifi. Zamani hapa gari zilivushwa kwa kivuko, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Mtu hupanda ngazi ndefu, na wazee wenye magoti mabovu wabaki chini. Juu kuna msikiti wa Ijumaa wenye maandishi ya kuchongwa katika matumbawe pembezoni mwa mihrabu, na kaburi lenye mnara ambalo ndilo lililoupa mahali jina lake. Mji ulianza karne ya 14 ukafa karne ya 17. Pale juu mandhari ya maji ni mazuri kupita kiasi, na watoto wetu walitaka kukaa zaidi, lakini tulikuwa na safari ya Gede.

Gede ni kiasi cha kilomita 100 kutoka Mombasa, kabla ya kufika Malindi. Hapa msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala, kwani masafa ya kisharia, kwa hesabu ya wanachuoni wa leo, ni kilomita 80 na kitu. Sisi huitumia safari hii kama somo. Wanafunzi hukaa garini na karatasi zao wakihesabu: tumefika Jumba, bado, tumefika Kilifi, kilomita 60, bado, tumepita Kilifi, sasa je? Mlango wa swala ya msafiri ambao chuoni huwachukua wiki mbili, siku hiyo huufahamu kabla ya saa nne. Tukifika adhuhuri huswali rakaa mbili, na alasiri rakaa mbili, kwa jamu ya kutanguliza, na wote wajua kwa nini.

Mji wa Gede uko ndani ya msitu, hauonekani mpaka mtu awe ndani yake. Ukuta wake wa nje wazunguka kiasi cha ekari 45. Uliinuka katika karne ya 11 au ya 12, ukafikia utajiri wake katika karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. John Kirk, balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, alifika mwaka 1884. Mwaka 1927 ukawekwa katika ulinzi wa serikali. Na kuanzia mwaka 1948 Bwana Kirkman yule yule aliuchimba kwa miaka kumi. Mwezi wa Julai mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu, kama ilivyoingizwa Ngome yetu ya Mombasa mwaka 2011.

Ajabu ya Gede ni kwamba Wareno walikaa Malindi, mwendo wa saa chache kwa miguu, wakaandika kila kitu walichokiona, na mji huu hawakuutaja. Hata jina Gede si la wenyewe. Ni neno la Kioromo, na wataalamu wadhani jina la kwanza lilikuwa Kilimani. Watu wake walitumia bakuli za Kichina, shanga za Venice na taa za chuma, na nyumba zimeitwa kwa vitu hivyo vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Jumba la mfalme lina viwanja vya kupokea watu, na chumba cha hazina kisicho na mlango, ambacho aingiaye lazima apande ngazi na kushuka kwa tundu la juu. Wanafunzi wetu waliuliza maswali mengi kuhusu chumba hiki kuliko kuhusu jambo jingine lolote, na tumeona si vibaya.

Msikiti Mkubwa una safu tatu za nguzo, na juu ya mlango mmoja umechongwa mkuki. Ubavuni pana kisima na birika. Kisima hiki kitazamwe kwa makini. Visima vya mji vilichimbwa zaidi kwenda chini kadiri miaka ilivyopita, maana maji yalikuwa yakishuka, na wengi waona hii ndiyo sababu moja ya watu kuondoka. Sababu nyingine zatajwa, vita vya Wazimba waliopita pwani mwaka 1589, na mashambulizi ya Waoromo baada yake. Lakini watoto wa Mombasa, ambao mama zao hununua maji kwa mkokoteni, mitungi kwa mitungi, hawahitaji kuelezwa sana. Walichungulia kisima, na mmoja akauliza, "Walipohama, waliondoka wote siku moja, au alibaki mtu wa kuadhini?" Hatukuwa na jawabu. Tulifikiri juu ya swali lile njia nzima ya kurudi, tukamfikiria mzee ambaye safu ya kwanza nyuma yake ilipungua mpaka akawa anaadhini na kukimu na kuswali peke yake.

Nje ya hapo pana kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijra, ambao ni 1399 kwa hesabu ya Kizungu. Wanafunzi walitakiwa watoe hesabu ni miaka mingapi ya Hijra tangu hapo, wakapata zaidi ya 640. Tukamuombea maiti rehema, tukaondoka. Hivi ndivyo ziyara ya kaburi ilivyo, na hatuoni haja ya zaidi.

Kuhusu chakula, msikifungue ndani ya Gede. Kuna kima wengi na hawana haya. Tulichukua mahamri na mbaazi, viazi vya karai na chai katika chupa, na kabla ya mtu kusema bismillahi, kima mmoja alikuwa juu ya mti na hamri mikono miwili. Kuingia kuna ada, na mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Siku hizi serikali hupokea malipo kwa simu, kwa hiyo mwenye kuongoza safari na atie fedha katika simu yake kabla ya kuondoka.

Sasa turudi mjini, tuelekee kusini. Kabla ya kufika kivuko cha Likoni, katika kisiwa chenyewe, pana Mbaraki, penye msikiti wa tangu karne ya 15 na mnara mrefu wa matumbawe. Tumepapitia na wanafunzi wakubwa tu, kwa sababu ya jambo moja. Kuna watu hupeleka pale marashi na ubani na kumuomba aliyemo ndani ya mnara, wakiamini kuna pepo. Msikiti uko hatua chache tu kutoka hapo, na Mwenyezi Mungu hakutaka mlango wa kupitia. Tuliwaeleza vijana kwamba mnara ni kazi ya mikono ya mafundi, wenye ufundi wa kustahili kusifiwa, na kwamba kulipa jengo sifa yake ni jambo moja na kuliomba ni jambo jingine. Mama mmoja aliyekuwa pale na chupa yake ya marashi alitusikia. Hatukumwambia neno, kwani hatukujua ni mgonjwa gani aliyemwacha nyumbani.

Kivukoni watoto wafundishwe dua ya kupanda chombo, na wazazi wawakumbuke waliokufa katika kivuko cha Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, watu 272, ambao katika mji huu pana nyumba zingali na picha zao ukutani. Mwenyezi Mungu awarehemu. Upande wa pili njia yaenda mpaka Shimoni, na kisiwa cha Wasini, ambako kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe na hujipatia riziki kwa wageni. Anayeondoka alfajiri siku yamtosha. Lakini kwa mwenye watoto wadogo, Diani yatosha, na katika Diani sisi hatuwapeleki ufuoni penye mahoteli. Twawapeleka Kongo.

Msikiti wa Kongo uko mahali Mto Mwachema uingiapo baharini, katika mibuyu mikubwa. Ni wa karne ya 14 au ya 15, wa matumbawe, kuta nene, madirisha madogo, yaani ni ndugu wa misikiti ya Jumba na Mnarani kwa sura na kwa umri. Tofauti yake ni moja: huu ungali unaswaliwa. Twawaleta watoto hapa mwisho, baada ya kuwa wameiona ile mingine, na twajitahidi tufike kabla ya alasiri.

Safari ya mwisho tulifika maji yakiwa yapanda katika mto, na mzee mmoja akitawadha. Alitupokea, akawahesabu watoto kwa macho, akatabasamu. Kisha akaadhini. Tumesikia adhana kwa miaka hamsini na zaidi, kwa vipaza sauti na bila vipaza sauti, lakini wanafunzi wetu walikuwa wamekwisha kusimama katika Jumba na Gede ndani ya kuta kama hizi, zikiwa kimya, na tuliwaona wakitazama juu, kwenye paa, kama watu wanaotazama kitu ambacho hawakukitarajia kukikuta. Yule aliyeuliza kisimani kule Gede alisimama karibu kabisa na mzee. Tukaswali safu tatu, na wasichana na mama zao nyuma yetu.

Baada ya swala mzee alituambia kwamba siku za Ijumaa watu huja, alhamdulillahi, lakini alasiri ya siku kama ile mara nyingi ni yeye na watu wawili watatu. Akauliza kama tutarudi. Tukamwambia mwezi wa Rajabu, Mungu akipenda, na safari hiyo tutaleta mkeka mpya, kwani ule wa safu ya kwanza umechanika penye magoti. Watoto walikuwa wamekwisha kutawanyika kutafuta viatu vyao chini ya mbuyu, na dereva alipiga honi, maana foleni ya Likoni baada ya saa kumi na moja haina rehema.